Kitambi kilihama vipi kutoka kwa tajiri kwenda kwa maskini?

Swali: Shikamoo, Mwalimu. Nimesoma mara nyingi kwamba zamani unene ulikuwa alama ya utajiri, na wafalme walichorwa na vitambi vyao bila aibu. Leo takwimu za nchi tajiri zinaonyesha kwamba walio wanene zaidi ni maskini. Nini kiliyageuza mambo hivi? Je, umaskini ndio unaonenepesha watu, au unene ndio unaowaacha kwenye umaskini? Na kuna siku mambo yatageuka tena?

Jibu: Marahaba. Umeuliza matatu kwa mpigo, na la katikati ndilo linalowatoa watafiti jasho mpaka leo. Kabla sijalifikia, niruhusu nisahihishe kidogo msingi wa swali lenyewe. Si kweli kwamba matajiri wa zamani walikuwa wanene. Wengi wao walikuwa na miili ya kawaida tu. Kilicho kweli ni kwamba mtu mnene wa zamani, ukimkuta, karibu kila mara alikuwa mtu wa mali, au angalau mtu aliyelishwa na jasho la wengine. Kauli hizi mbili zinafanana masikioni lakini hazisemi jambo moja. Unene haukuwa sifa ya matajiri wote; ulikuwa kitu ambacho fukara hakuwa na njia ya kukifikia hata angetaka.

Hesabu yake si ngumu. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina nishati ya takriban kilokalori 7,000. Aliyebeba kilo 30 za ziada amejiwekea kilokalori 210,000, yaani chakula cha mtu mzima mmoja cha kama siku 100. Sasa mfikirie mkulima wa jembe la mkono. Siku ya kulima au kuvuna anaunguza kilokalori 3,000 na zaidi, na shamba lake, ukishatoa mbegu, ushuru na vilivyoliwa na wadudu, linamrudishia ziada ndogo sana, tena mwaka ukiwa mzuri. Huyo atoe wapi chakula cha siku 100 akakiweke kiunoni? Waliokiweka ni wale waliopokea ushuru, zaka au sehemu ya mavuno kutoka kwa wakulima wengi kwa pamoja, na wao wenyewe hawakushika jembe. Kitambi kilitangaza mambo mawili kwa wakati mmoja: huyu anakula vya wengine, na huyu hafanyi kazi ya mikono.

Ukitaka kuliona hilo kwa macho, tazama sanamu ya Hemiunu iliyopo kwenye jumba la makumbusho la mji wa Hildesheim, Ujerumani. Hemiunu alikuwa waziri wa Farao Khufu, zaidi ya miaka 4,500 iliyopita, na wengi wanaamini ndiye aliyesimamia ujenzi wa Piramidi Kuu ya Giza. Amekaa wima, mikono juu ya mapaja. Kifua kimelegea mpaka kimefanya matiti, na tumbo limekunjana juu ya kitambaa alichojifunga kiunoni. Mchongaji hakuwa akimkejeli. Sanamu hiyo iliwekwa kwenye kaburi la bwana mkubwa mwenyewe, ili imwakilishe milele, na mwili ule ndio aliotaka kukumbukwa nao. Kisha tazama michoro ya Misri hiyohiyo, iliyochongwa kama karne mbili baadaye kwenye njia inayoelekea piramidi ya Farao Unas huko Saqqara. Hapo kuna kundi la watu waliokonda kwa njaa mpaka mbavu zinahesabika. Nchi moja, mafundi wa mila moja ya uchongaji, na mwili peke yake unatosha kukuambia nani ni nani.

Watawala wenyewe walijua kwamba sahani ni jukwaa la siasa. Roma, mwaka 161 kabla ya Kristo, ilipitisha Lex Fannia, sheria iliyoweka kikomo cha fedha za karamu na kukataza kuandaa ndege yeyote mezani isipokuwa kuku mmoja, tena asiwe amenoneshwa. Uingereza nayo, mwaka 1336, chini ya Mfalme Edward III, ilijaribu kupunguza idadi ya vyakula kwenye mlo mmoja. Usidhani walikuwa wanajali afya. Walichoogopa ni watu kushindana kwa ulafi mpaka mipaka ya vyeo ipotee. Sheria hizo zilivunjwa na wale wale waliozipitisha, ndiyo maana zilirudiwa kutungwa kila baada ya muda.

Upande wa pili wa jambo hili hauonekani kwenye picha za wafalme, na mimi nadhani ndio wenye uzito zaidi. Mwanauchumi Robert Fogel, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1993, alikokotoa kiasi cha chakula kilichopatikana Ufaransa na Uingereza mwishoni mwa karne ya 18, kisha akakigawa kwa matabaka. Kwa makadirio yake, sehemu ya kumi ya chini kabisa ya nguvukazi ya Ufaransa haikuwa na nishati ya kutosha kufanya kazi ya kawaida hata kidogo, na sehemu ya kumi iliyofuata iliweza kazi nyepesi kwa muda usiofika saa 3 kwa siku. Ombaomba aliyeitwa mvivu na wapita njia alikuwa mtu ambaye mwili wake hauna mafuta ya kuwashia injini. Kumbuka hilo, kwa sababu tutakutana tena na tabia hii ya kuita hali ya mwili "uvivu", safari ile ikielekezwa kwa wanene.

Tatizo la mwanahistoria ni kwamba uzito wa maskini haukuandikwa popote. Urefu uliandikwa, kwa sababu majeshi na meli zilipima vijana waliowaandikisha, na urefu ni kumbukumbu ya chakula na maradhi ya utotoni. Huko London, mwanzoni mwa karne ya 19, shirika lililoitwa Marine Society liliwachukua watoto wa mitaa ya kimaskini na kuwapeleka baharini. Wakati huohuo chuo cha kijeshi cha Sandhurst kilipokea watoto wa mabwanyenye. Ukilinganisha wavulana wa umri wa miaka 14 wa pande hizo mbili, wa Sandhurst waliwazidi wenzao kwa zaidi ya sentimita 10. Hao hawakuwa makabila mawili. Walikuwa watoto wa nchi moja, na kilichowatenganisha ni chakula, maradhi na kazi za utotoni.

Vibonzo vya zama hizo vililishika jambo hili vizuri kuliko wachumi. James Gillray, mwaka 1792, alichora watu wawili kwenye karatasi moja. Mfaransa, kimbaumbau mwenye nguo zilizochanika, anatafuna vitunguu vibichi huku akiusifu uhuru mpya wa nchi yake. Mwingereza, tipwatipwa, anakata pande la nyama ya ng'ombe lililojaa meza huku akilalamika kwamba kodi zitamuua kwa njaa. Mwaka mmoja nyuma, baada ya Mfalme Louis XVI kujaribu kutoroka Paris na kukamatwa Varennes, wachoraji wa Ufaransa walikuwa wamemgeuza nguruwe. Unene uliokuwa heshima kwenye sanamu ya Hemiunu hapa umekuwa shtaka. Ni mwili uleule, na maana yake ni ileile, yaani huyu anakula vya wengine. Kilichobadilika ni kwamba walioliwa wamepata mashine ya kuchapia.

Sasa nije kwenye mgeuko wenyewe. Wengi husimulia kwamba chakula kilikuwa rahisi, maskini wakanenepa, ndipo matajiri wakakimbilia wembamba. Mpangilio huo una kasoro. Matajiri walianza kuukimbia unene kabla maskini hawajaufikia.

Ushahidi ninaoupenda zaidi ni wa duka moja la mvinyo na kahawa katika mtaa wa St James's, London. Duka hilo lilikuwa na mizani kubwa ya bidhaa, na kuanzia mwaka 1765 wateja wake, ambao walikuwa watu wa tabaka la juu, walikuwa wakipanda juu yake kupimwa na uzito wao kuandikwa kwenye daftari. Mshairi Lord Byron yumo. Mwaka 1806, akiwa kijana wa miaka 18, alikuwa na takriban kilo 88. Mwaka 1811 alikuwa chini ya kilo 58. Alijinyima chakula na kujitoa jasho kwa makusudi, katika nchi ambayo watoto wa mitaa ya pili walikuwa wamedumaa kwa kukosa mlo. Mwaka 1884, mwanasayansi Francis Galton aliyachukua madaftari hayo na kulinganisha vizazi vitatu vya makabaila. Aligundua kwamba waliozaliwa kati ya mwaka 1740 na 1769 walinenepa haraka wakiwa bado vijana, ilhali wajukuu wao, waliozaliwa mwanzoni mwa karne ya 19, walipanda uzito polepole na kwa utulivu. Ulafi wa ujanani ulikuwa umeshatoka kwenye mtindo wa makabaila wakati wafanyakazi wengi wa Uingereza walikuwa bado hawashibi.

Kwa nini? Sababu moja ni maradhi. Matajiri waliujua ubaya wa meza zao kabla ya mtu mwingine yeyote. Jongo, maradhi ya viungo kuvimba na kuuma, liliwatesa mpaka likaingia kwenye majina yao, kama Piero wa ukoo wa Medici huko Florence, ambaye historia inamwita Piero Mwenye Jongo. Tabibu George Cheyne, ambaye wakati fulani alifika karibu kilo 200, alijipatia umaarufu kwenye karne ya 18 kwa kuwaandikia wagonjwa wake wakwasi maziwa na mboga. Mwaka 1863 William Banting, fundi wa mazishi mwenye uwezo wake pale London, alichapisha kijitabu kuhusu jinsi alivyopungua kwa kuacha mkate, sukari, bia na viazi, na jina lake likageuka kuwa kitenzi cha kujinyima. Lakini maradhi peke yake hayatoshi kueleza. Alama ya hadhi hudumu pale tu wengi wanapoikosa, na wafanyabiashara wa daraja la kati walikuwa wameanza kuota vitambi.

Marekani ilichelewa kidogo, na hapo una kisa cha kuchekesha. Mwaka 1903, kwenye kijiji cha Wells River, jimbo la Vermont, wafanyabiashara walianzisha Klabu ya Wanene ya New England. Sharti la kujiunga lilikuwa uzito usiopungua ratili 200, yaani kilo 91. Ada ilikuwa dola 1. Wanachama walikutana, wakapimwa, wakala mpaka meza ikatetemeka, wakafanya biashara zao. Rais William Howard Taft, aliyetawala kuanzia 1909 hadi 1913, alizidi kilo 150 na kitambi chake hakikumzuia kupata urais, ingawa wachora vibonzo walimshughulikia ipasavyo. Kufikia mwaka 1924 klabu ya Vermont ilikufa kwa kukosa wanachama waliotimiza sharti. Katikati hapo kampuni za bima ya maisha zilikuwa zimepitia vitabu vyao na kuona kwamba wateja wazito walikuwa wakifa mapema na kuzitia hasara. Ile iliyokuwa kubwa kuliko zote Marekani, Metropolitan Life, ilitoa majedwali yake ya uzito unaofaa mwanzoni mwa miaka ya 1940, na madaktari wakayachukua kama msahafu. Uzito wa heshima ulianza kuamuliwa na watu wa hesabu za vifo.

Upande wa maskini, mlango ulifunguliwa na sukari. Mwingereza wa kawaida mwaka 1700 alitumia wastani wa kilo 2 hivi za sukari kwa mwaka. Mwaka 1800 zilikuwa kama 8, na mwaka 1900 zilikuwa zimefika takriban 40. Sukari ilianza kama anasa ya wafalme, ikaishia kuwa nishati ya haraka ya mfanyakazi wa kiwandani asiyekuwa na muda wa kupika. Na kwa karne nzima ya mwanzo sukari hiyo ililimwa Barbados, Jamaika na visiwa vya jirani na Waafrika waliotumikishwa utumwani, waliolishwa vibaya kiasi kwamba vifo vyao vilizidi vizazi vyao na mashamba yakalazimika kununua watu wapya kila mwaka. Kalori ya kwanza ya bei rahisi ya maskini wa Ulaya ililipiwa kwa mwili wa mtu mwingine. Nalisema hili kwa sababu historia ya unene mara nyingi husimuliwa kana kwamba ni hadithi ya maendeleo ya jikoni.

Yaliyofuata ni ya haraka. Mbolea ya kiwandani ilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1913. Mafuta ya mimea yakajifunza kugandishwa. Trekta likachukua nafasi ya jembe, na gari nafasi ya miguu. Kuanzia miaka ya 1970, shira ya mahindi ikaingia kwenye vinywaji na vyakula vya Marekani kwa wingi. Bei ya kalori ikaporomoka, lakini si ya kila kalori. Mafuta, unga mweupe na sukari vilishuka sana. Matunda, mboga na samaki havikushuka vile. Mwenye fedha kidogo akitaka kushibisha nyumba nzima, hesabu humpeleka kulekule kwenye nishati nyingi kwa senti chache. Huyo si mjinga wala hana tamaa. Ni mtu anayejua kupiga bajeti.

Takwimu zilikuja kuthibitisha miaka ya 1960. Uchunguzi uliofanywa Manhattan, New York, na kuchapishwa mwaka 1965, ulikuta asilimia 30 ya wanawake wa tabaka la chini wakiwa na unene uliokithiri, na asilimia 5 tu ya wanawake wa tabaka la juu. Mwaka 1989 Jeffery Sobal na Albert Stunkard walikusanya tafiti 144 za nchi mbalimbali. Katika nchi tajiri, wanawake maskini ndio waliokuwa wanene zaidi; katika nchi maskini, mambo yalikuwa kinyume, kwa wanaume, wanawake na watoto. Mwaka 2004 Mbrazili Carlos Monteiro na wenzake walionyesha kwamba mstari wenyewe unahama: nchi inapofika wastani wa pato la kama dola 2,500 kwa mtu kwa mwaka, unene wa wanawake huanza kuegemea upande wa maskini. Kwa wanaume mgeuko huchelewa, na mahali pengine hauonekani vizuri. Kwa hiyo ukiona takwimu ya "maskini" bila kutenganisha wanawake na wanaume, isome kwa tahadhari. Jinsia mbili hizi hazitembei pamoja.

Sasa swali lako la katikati. Nani anamsukuma mwenzake, umaskini au unene? Jibu ni kwamba mishale inakwenda pande zote mbili, na tunao ushahidi mzuri wa kila upande.

Kuanzia mwaka 1994 serikali ya Marekani iliendesha jaribio katika miji ya Baltimore, Boston, Chicago, Los Angeles na New York. Familia za wanawake 4,498 zilizokuwa zikiishi kwenye nyumba za umma kwenye mitaa ya umaskini mkubwa zilipigiwa kura ya bahati nasibu. Baadhi zilipewa hati ya msaada wa kodi ya nyumba kwa sharti la kuhamia mtaa wenye maskini wachache. Nyingine hazikupewa chochote kipya. Kwa kuwa kura ndiyo iliyoamua, huwezi kusema waliohama walikuwa na bidii zaidi. Miaka 10 hadi 15 baadaye wanawake walipimwa. Kipimo kilikuwa BMI, yaani uzito kwa kilo kugawanywa kwa urefu kwa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Katika kundi lililopewa hati yenye sharti, waliofikia BMI ya 35 walipungua kwa pointi 4.6 za asilimia kulinganisha na wasiopewa, na waliokuwa na dalili za kisukari kwenye damu walipungua kwa pointi 4.3. Unene wa daraja la chini, wa BMI 30, haukuonyesha tofauti ya kutegemewa. Kinachonikamata ni kwamba kipato chao hakikupanda. Mifuko ilikuwa ileile. Mtaa ndio uliobadilika, pamoja na usalama wake, maduka yake na hofu zake. Umaskini, basi, unaingia mwilini kupitia mahali unapoishi, na si kupitia bei ya chakula peke yake.

Unaingia pia kabla ya kuzaliwa. Majira ya baridi ya 1944 na 1945, majeshi ya Ujerumani yalizuia chakula kuingia magharibi mwa Uholanzi, na mgawo ukashuka chini ya kilokalori 1,000 kwa siku. Vijana wa kiume ambao mama zao walipitia njaa hiyo katika nusu ya kwanza ya ujauzito walipopimwa na jeshi wakiwa na miaka 19, unene ulikuwa mwingi zaidi kwao kuliko kwa wenzao. Mwili ulioandaliwa kwa uhaba ulikuja kukutana na wingi. Sasa fikiria nchi zinazotoka kwenye njaa na kuingia kwenye vyakula vya viwandani ndani ya kizazi kimoja: wanawake waliodumaa utotoni ndio mama wa watoto wanaokulia kwenye vinywaji vya sukari. Mtafiti Barry Bogin alipima watoto wa Kimaya waliokulia Marekani na kukuta wamewazidi wenzao wa Guatemala kwa takriban sentimita 11 kufikia mwaka 2000. Walikuwa wamerefuka, na wengi wao walikuwa wameshaupita uzito unaofaa. Jeni hazibadiliki kwa kasi hiyo.

Kuna pia kutokuwa na uhakika wa chakula. Daniel Nettle na wenzake, mwaka 2017, walikusanya tafiti za watu ambao leo wanakula na kesho hawajui, wakakuta kwamba katika nchi tajiri wanawake wa hali hiyo huwa na uzito mkubwa zaidi. Kwa wanaume na watoto uhusiano huo haukuonekana. Nafuu ya mwezi ikiwa ya wiki mbili tu, mwili hujifunza kuweka akiba wiki hizo mbili.

Upande wa pili wa mishale ni mshahara. John Cawley, mwaka 2004, alichunguza kumbukumbu za Wamarekani waliofuatiliwa kwa miaka mingi. Ili asichanganye sababu na matokeo, alitumia uzito wa ndugu wa damu kukisia sehemu ya uzito isiyotokana na kazi wala mshahara wa mhusika. Kwa wanawake Wazungu, kila kilo 29 za ziada ziliambatana na mshahara mdogo kwa asilimia 9, pengo linalolingana na mwaka mmoja na nusu wa shule. Kwa wanaume ushahidi ulikuwa dhaifu. Hapo ndipo lile neno "mvivu" linaporudi. Ombaomba wa karne ya 18 aliitwa mvivu kwa sababu alikuwa amekonda; mwombaji wa kazi wa leo anaitwa mvivu kwa sababu amenenepa. Mwili wa maskini ukibadilika, lawama hubadilika ikaufuata. Ndiyo sababu mimi siamini hata kidogo maelezo yanayoanza na tabia za watu binafsi.

Ukidhani ile maana ya kale imekufa, haijafa. Mwanauchumi Elisa Macchi aliwapelekea maofisa mikopo 238 wa Kampala, Uganda, maombi ya kubuni yenye picha za waombaji. Uso wa mtu mmoja ulitengenezwa kwa kompyuta uonekane mwembamba kwa ofisa mmoja na mnene kwa mwingine. Wanene waliaminiwa zaidi. Faida waliyopata, kwa matokeo aliyochapisha mwaka 2023, ililingana na ya mwombaji ambaye kipato alichokitaja kimeongezeka kwa kama asilimia 60. Maofisa walipopewa taarifa zaidi za fedha za mwombaji, upendeleo ulipungua sana. Hawakuwa wakivutiwa na unene. Walikuwa wakiutumia kama hati ya benki, kwa sababu hati halisi hawakuwa nazo. Hemiunu angewaelewa.

Wapo wanaosema kwamba tofauti ya kipato yenyewe, mbali na umaskini, hunenepesha jamii. Richard Wilkinson na Kate Pickett walilipigia debe hilo mwaka 2009 kwa kulinganisha nchi tajiri, Japani ikiwa upande mmoja na Marekani upande mwingine. Mimi napokea hoja hiyo kwa mkono mmoja. Nchi hizo mbili zinatofautiana kwa mambo mengi mno, kuanzia mlo hadi namna miji ilivyojengwa, na ukiziondoa kwenye mchoro mstari unalegea. Ushahidi wa jaribio la mitaa ya Marekani ni imara zaidi kwangu kuliko ulinganisho wowote wa nchi na nchi.

Na kuhusu kugeuka tena: mwaka 2022, kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mtu 1 kati ya 8 duniani alikuwa na unene uliokithiri, wakiwemo watu wazima milioni 890. Wakati huohuo dawa ya sindano ya semaglutide, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2021 kwa ajili ya kupunguza uzito, ilishusha uzito kwa wastani wa karibu asilimia 15 katika wiki 68 za majaribio. Bei yake ya orodha huko ilianza kwa zaidi ya dola 1,300 kwa mwezi. Kwa bei hiyo, wembamba unaweza kununuliwa moja kwa moja, jambo ambalo Byron hakuliota, na pengo la uzito kati ya matabaka litapanuka kabla ya kupungua. Katika baadhi ya nchi kubwa, zikiwemo India na China, hataza ya dawa hiyo, yaani haki ya kampuni moja kuitengeneza peke yake, kikomo chake kiliwekwa mwaka 2026, na viwanda vya dawa za bei nafuu vilijipanga mapema. Mtu anayetaka kujua mgeuko unaofuata utaelekea wapi na afuatilie bei hiyo, na kisha aangalie nani anaweza kuendelea kulipa mwaka wa pili na wa tatu, maana anayeiacha dawa hii kwa kawaida hurudisha sehemu kubwa ya kilo alizopoteza.